Kutoka Mwanza hadi Monduli: mwongozo kamili wa kuandaa maombi ya kujiunga na JWTZ

Kila tangazo la kuandikisha vijana likitoka, maswali ni yaleyale kuanzia Buzuruga hadi Nansio. Barua naandika kwa nani? Jina langu la NIDA limepishana herufi moja na cheti, litapita? Kuna mtu anasema nikimpa laki tano ananiingiza Monduli moja kwa moja, ni kweli? Halafu majibu yanatoka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mengi yanakupoteza.

Mwongozo huu ni wa kijana mwenye kidato cha sita, stashahada au shahada ambaye anataka siku moja avishwe cheo cha luteni usu, yaani cheo cha kwanza cha uafisa. Aliyeishia kidato cha nne naye unamfaa kwa sehemu kubwa, maana makaratasi ni yaleyale.

Kabla ya yote, elewa njia yenyewe. Raia haandiki barua kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli. Unaomba kuandikishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), unapita mafunzo ya kuruta, yaani ya askari mpya, na maafisa wanafunzi huchaguliwa miongoni mwa walioandikishwa. Monduli kuna kozi ya kawaida ya uafisa na kuna Shahada ya Sayansi ya Kijeshi. Kwa hiyo "maombi ya Monduli" kwa maana halisi ni mambo mawili: faili lisilo na dosari sasa, na rekodi safi baadaye. Anayekuahidi njia ya mkato anauza kitu asichokuwa nacho.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Viwe mezani kabla tangazo halijatoka:

- Kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi)
- Vyeti vya NECTA (Baraza la Mitihani) vya kidato cha nne na cha sita
- Vyeti vya chuo, kama unavyo
- Cheti cha kuhitimu JKT (Jeshi la Kujenga Taifa)
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la shemeji
- Karatasi nyeupe zenye mistari, kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi zinazofanana, bahasha ya kaki ya A4
- Picha za paspoti saizi
- Faili la plastiki lenye kifungo

Faili la plastiki si anasa. Mvua za hapa hazikupi taarifa, na cheti cha NECTA kikilowa ukiwa kwenye bodaboda, mhuri na picha vinachuja.

## Hatua ya 1: Linganisha majina na tarehe

Hapa ndipo vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wanapokwama, na ndiyo sababu nitakaa hapa muda mrefu.

Chukua karatasi, chora safu nne: NECTA, RITA, NIDA, JKT. Chini ya kila safu nakili jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye hati. Usiandike unavyolijua, andika unavyoliona. Kisha chini yake andika tarehe ya kuzaliwa.

Matatizo yatakayojitokeza yanafahamika. La kwanza ni jina la nyumbani na jina la shule. Mtoto amezaliwa baada ya mapacha, nyumbani ni Shija. Akaanza shule, mwalimu akaandika Emmanuel. Cheti cha kuzaliwa kikaja kuandikwa Shija Masanja, cha NECTA kinasema Emmanuel S. Masanja. Mtaani ni mtu mmoja, ila karatasini ni watu wawili.

La pili ni ile alama ya ng'. Ng'wandu kwenye cheti cha kuzaliwa anakuwa Ngwandu kwenye mfumo wa kompyuta. La tatu ni R na L: Malimi amegeuka Marimi kwa sababu aliyekuwa anaandika alisikia hivyo. La nne ni jina la babu, lipo hati moja na halipo nyingine.

Tarehe nayo ina njia rahisi ya kuikagua. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Namba ikianza na 20050817, maana yake NIDA wanakujua kama mzaliwa wa tarehe 17 Agosti 2005. Linganisha na cheti cha RITA. Ikipishana hata siku moja, hilo ni tatizo.

Sasa unarekebisha nini? Ushauri wangu ni kwamba jina lifuate cheti cha NECTA, kwa sababu hicho ndicho kigumu kuliko vyote kubadilisha baada ya mtihani. Anzia RITA, kisha nenda NIDA ukiwa na cheti cha kuzaliwa kilichonyooka, maana NIDA watakidai hichohicho kama ushahidi. Ukienda kinyume utazungushwa.

Kama tofauti ni ndogo, wakili anaweza kukuandalia hati ya kiapo inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kama ni jina tofauti kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Hizi ni hati mbili tofauti, usikubali kuuziwa ya kwanza pale inapohitajika ya pili.

Ambaye hana kabisa cheti cha kuzaliwa aanzie ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwenye usajili. Beba unachoweza: kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Anayetoka Ukerewe au Kome asisubiri wiki ya mwisho. Ukikosa kivuko, siku imekwenda.

Onyo: usipunguze umri. Tarehe yako imekaa kwenye kumbukumbu za shule, NIDA na JKT, na wanaokagua wana muda. Kughushi hati ni kosa la jinai, na jinai ndiyo inayokufungia mlango wa jeshi moja kwa moja.

Umemaliza hatua hii pale safu zote nne zinaposomeka sawa, au tofauti iliyobaki ina hati ya kuieleza.

## Hatua ya 2: Pata cheti cha JKT

Katika matangazo ya miaka ya karibuni, JWTZ limekuwa likitaka vijana wa kidato cha nne na cha sita wawe wamepita JKT na kutunukiwa cheti. Umri kwa kundi hilo umekuwa usiozidi miaka 24. Wenye stashahada na shahada huongezewa kidogo, ila usitegemee ulichosikia, soma tangazo la mwaka wako.

Njia ni mbili. Kwa mujibu wa sheria ni kwa wahitimu wa kidato cha sita: majina hutolewa kwa shule, kila mmoja na kambi aliyopangiwa, mafunzo ya miezi mitatu. Kujitolea ni miaka miwili, na maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa.

Kosa ninaloliona sana ni la mhitimu wa kidato cha sita kukwepa mujibu wa sheria. Yuko bize na duka la mjomba Soko la Kirumba, anasema "nitaenda mwakani". Mwakani anataka jeshi, cheti hana, na sasa njia iliyobaki ni ya miaka miwili huku umri unakwenda.

Ukipangiwa, fuata orodha ya vifaa kama ilivyo. Huwa inataka bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na trakisuti. Mtoto wa ziwani akipangiwa Mafinga au Oljoro abebe sweta la maana, kule baridi haina mchezo.

Kambini kumbuka kwamba JKT wenyewe wamesema mara nyingi kuwa mafunzo yao si ajira. Unachokwenda kuchukua ni cheti na tabia. Cheti kikitoka, kagua jina kabla hujaondoka langoni. Kurekebisha herufi ukiwa bado kambini ni rahisi kuliko kurudi Kigoma kwa basi kwa sababu ya herufi moja.

## Hatua ya 3: Pima afya mapema

Jeshi litakupima lenyewe. Wewe unapima mapema ili chenye tiba kitibiwe. Hospitali ya wilaya au Sekou Toure inatosha, usikimbilie Bugando bila sababu.

Kwa sisi wa ukanda huu, anza na kichocho. Ukikulia unaogelea, unavua au unafua ziwani, una kila sababu ya kupima. Kinachosumbua zaidi pembezoni mwa Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, kinachoonekana kwenye choo kikubwa, kwa hiyo kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi. Dawa yake, prazikwanteli, inafahamika na ni nafuu. Ukiacha kwa miaka, kinakula ini na damu, na unabaki kushangaa kwa nini mbio zinakushinda.

Pili, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye vinasaba vyake. Mwenye ugonjwa kwa kawaida anajijua tangu utotoni, lakini aliyebeba kinasaba kimoja anaweza kuwa mzima kabisa asijue. Mazoezi makali bila maji ya kutosha yana hatari zaidi kwake, hivyo ni bora ujue na umwambie daktari.

Mengine ni ya haraka: ziba meno yaliyotoboka, safisha masikio, pima macho ukitaja kipimo cha rangi, pima presha na wingi wa damu. Siku ya presha usinywe kahawa wala kinywaji cha kuongeza nguvu.

Daktari akishasema "hakuna cha kukuzuia" na majibu yapo mkononi, songa mbele.

## Hatua ya 4: Jenga mwili kwa wiki 12

Kujiandaa siku kumi kabla ya usaili kunazalisha majeruhi tu.

Wiki ya 1 hadi ya 4, kimbia siku nne kwa wiki, kilomita 3, kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea. Wiki ya 5 hadi ya 8, panda hadi kilomita 5 na uongeze mlima siku moja. Mwanza Mungu ametupa mawe na vilima vya bure: Bugando, Capri Point, popote ulipo hukosi mteremko. Panda kwa mbio fupi, shuka ukitembea, kwa sababu kushuka kwa kasi ndiko kunakoua magoti. Wiki ya 9 hadi ya 12, siku moja kilomita 5 kwa kasi, siku moja 8 polepole, siku moja tembea haraka ukiwa na begi la kilo 8 au 10.

Pushapu na sitapu fanya kila siku ya mazoezi, kwa mafungu madogo. Anza na kumi zilizonyooka, kifua kikigusa chini. Hamsini za kupindapinda mgongo msimamizi hazihesabu.

Kipimo changu cha kujipima, ambacho si kiwango rasmi cha jeshi: mvulana amalize kilomita 5 chini ya dakika 25 na pushapu 40, msichana chini ya dakika 30 na pushapu 20. Ukifika hapo ukiwa bado unaweza kutamka jina lako bila kuhema, uko vizuri.

Chakula kisikusumbue akili. Dagaa, maharage, ugali, mchicha, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa karanga asubuhi vinatosha kabisa. Achana na vidonge vya kutunisha misuli vinavyouzwa gym.

Maonyo mawili. Ukikimbia alfajiri barabara ya Nyegezi kwenda Buhongwa, kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, malori ya Shinyanga hayakuoni gizani. Na usivae bukta wala fulana ya mabaka inayofanana na sare za jeshi. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya aina hiyo. Itakuwa ajabu mtu anayeomba jeshi akamatwe kwa kosa la sare.

## Hatua ya 5: Andaa kichwa

Usaili si wa misuli peke yake, hasa kwa anayelenga uafisa. Jua bila kubabaika: Muungano ni 26 Aprili 1964, JWTZ lilianzishwa 1 Septemba 1964, JKT lilianza 10 Julai 1963, Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979. Jua Amiri Jeshi Mkuu ni nani na Mkuu wa Majeshi ni nani siku unayokwenda, si mwaka jana.

Vyeo vya maafisa vikae kwa mpangilio: luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia jenerali, meja jenerali, luteni jenerali, jenerali.

Kuna swali linaloonekana jepesi na linaangusha wengi: "Kwa nini unataka jeshi?" Jibu la "napenda sare" au "ajira ngumu" halikupeleki popote. Tafuta la kwako, la kweli na fupi. Kijana aliyekuwa kiranja wa bweni aseme alisimamia nini na nini kilimshinda. Fanya mazoezi ya kusema kwa sauti mbele ya mtu asiyekuchekea, ikiwezekana mwalimu wako wa zamani, ukiwa umesimama wima, mikono imetulia.

## Hatua ya 6: Soma tangazo, kisha andika barua

Tangazo lisome kwenye tovuti ya JWTZ au gazeti, si picha iliyosambazwa ambayo tarehe yake imekatwa. Lisome lote, halafu pigia mstari mambo manne: umri, elimu, viambatanisho, na mwisho wa kupokea. Muda huwa mfupi, ndiyo maana tulianza mapema.

Matangazo ya karibuni yametaka barua iandikwe kwa mkono. Hiyo ina maana kwa mkono wako, si wa dada mwenye mwandiko mzuri. Nakili anwani kutoka kwenye tangazo lenyewe, neno kwa neno.

Juu kulia weka anwani yako na tarehe, chini kushoto anwani ya mpokeaji. Kichwa: *YAH: MAOMBI YA KUANDIKISHWA JESHI LA WANANCHI WA TANZANIA*. Mwili usizidi ukurasa mmoja. Kwa mfano:

*Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 21, mkazi wa Kata ya Igoma, Wilaya ya Nyamagana, Mkoa wa Mwanza. Nilihitimu kidato cha sita mwaka 2024 katika tahasusi ya PCM, kisha mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria katika kambi ya Rwamkoma. Naomba kuandikishwa jeshini. Nina afya njema, sijawahi kupatikana na hatia ya jinai, na niko tayari kutumikia popote nitakapopangiwa.*

Halafu taja viambatanisho kwa namba, weka sahihi, jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha NECTA, na namba ya simu.

Umeona kwamba sijaandika "naomba kuwa afisa". Ni kwa makusudi. Uafisa unachaguliwa ukiwa ndani, na anayeutaja kwenye barua ya kwanza anaonyesha hajui njia. Usitaje pia mjomba aliye jeshini, hata kama ni kweli.

Andika kwanza kwenye karatasi ya mazoezi, soma kwa sauti, ndipo unakili safi. Ukikosea neno, anza upya. Barua yenye kufutwafutwa inamfanya msomaji akutilie shaka kabla hajafika kwenye matokeo yako.

## Hatua ya 7: Funga bahasha na uiwasilishe

Pangilia nakala kwa mpangilio uleule uliotaja kwenye barua. Kama tangazo linataka zithibitishwe, wakili agonge mhuri kwenye kila ukurasa. Lisipotaka kitu, usikiweke: cheti cha kozi ya kompyuta ya wiki mbili hakikuongezei chochote. Vyeti halisi vibaki nyumbani hadi utakapoitwa navyo.

Piga picha kila karatasi kwa simu, kisha funga. Kama barua zinapelekwa kwa mkono Dodoma, Mwanza ni takriban kilomita 700. Wenzio wa kata moja wanaweza kuchanga nauli na kumtuma mmoja wanayemwamini, lakini kwanza hakikisheni tangazo linaruhusu. Ukituma kwa posta, itume kama barua ya rejista na utunze risiti.

## Hatua ya 8: Usaili, na watu wa "konekisheni"

Baada ya kutuma, simu zitaanza. Atajitambulisha kama afande kutoka makao makuu, atalijua jina lako, pengine hata shule uliyosoma, maana orodha za majina zinazagaa. Atataka "hela ya kusukuma faili". JWTZ na JKT wametoa onyo mara kwa mara kwamba hawatozi pesa kwa nafasi. Usibishane naye. Kata simu, tunza namba, toa taarifa polisi.

Wito halisi unauthibitisha kwa tangazo rasmi. Siku yenyewe fika mapema na vyeti halisi, nywele fupi, raba ulizozizoea. Lala mji husika usiku wa kuamkia usaili kama una ndugu huko, kwa sababu kushuka kwenye basi la usiku na kuingia kwenye mbio ni kujiharibia.

## Na vyuo vya nje?

Wengi wanauliza kuhusu West Point ya Marekani. Sheria ya kule inaruhusu wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja chuoni hapo, na wanapendekezwa na serikali za nchi zao. Umri ni kuanzia miaka 17 na usiwe umefika 23 ifikapo 1 Julai ya mwaka wa kuingia, usiwe na ndoa wala anayekutegemea kisheria. Kwa hiyo hata huko njia inapitia serikalini kwetu. "Wakala" wa mjini anayekujazia fomu ya West Point kwa malipo mpuuze kama yule wa konekisheni.

## Jina lisipotoka

Usitupe faili. Hesabu umri wako siku ya tangazo lijalo: kama bado uko ndani, faili hilohilo linatumika, unabadilisha barua na tarehe tu. Kama umebakiza mwaka mmoja, omba pia chuo, maana stashahada au shahada inakusogeza kwenye kundi lenye umri mkubwa zaidi. Endelea kukimbia siku tatu kwa wiki, na pima kichocho tena kama bado unaingia ziwani.

Ukijiunga na Polisi, Magereza au kikosi kingine cha aina hiyo wakati unasubiri, fahamu kwamba matangazo ya JWTZ yamekuwa yakiwakataa waliowahi kutumikia huko. Amua kabla ya kusaini.